Milango Saba na Mbwa Mmoja

Jirani yetu alipohamishiwa Dodoma kikazi, alikuja nyumbani kwetu Njiro, Arusha, jioni moja akiwa na mbwa wake, bakuli mbili za bati, blanketi kuukuu na kadi ya chanjo, akatuomba tumchukue mbwa huyo kwa kuwa huko aendako angepanga ghorofani na mwenye nyumba hakutaka wanyama. Mbwa aliitwa Tomi, dume wa miaka mitatu aliyekwisha kuhasiwa, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga na sikio moja lililolala. Alipokuwa akiaga, jirani alisema jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani: "Huyu amezoea kulala ndani."

Swali la kama mbwa aachiwe kwenda atakako ndani ya nyumba nililijibu kwa haraka mara mbili, na mara zote mbili nilikosea. Jibu la tatu lilinichukua karibu mwaka mzima, na ndilo tunaloishi nalo hadi leo.

Ieleweke kwanza kwamba mimi sikukulia na mbwa. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiislamu ambamo paka alilala popote alipopenda, hata juu ya mto wa baba, lakini mbwa hakuwahi kuvuka mlango wa uani. Mbwa tuliowafahamu ni mbwa koko waliozunguka sokoni na wale waliofungwa minyororo kwenye maghala, ambao mtoto alifundishwa kuwapita mbali bila kukimbia. Arusha nilikuta desturi nyingine, kwani karibu kila geti la mtaa wetu limeandikwa "Mbwa Mkali," na mbwa hufungiwa bandani mchana akafunguliwa usiku. Katika mila zote mbili, ya pwani na ya bara, mbwa alikuwa kiumbe wa nje, na jambo la mbwa wa ndani nilikuwa nimelisikia tu kwa watu waliowahi kufanya kazi nyumba za wageni.

Mama yangu mzazi alikuwa akiishi nasi tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu ya matibabu ya macho aliyokuwa akiyafuata Moshi. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama, katika nyumba yenye milango saba ya ndani: vyumba vitatu vya kulala, jiko, stoo, bafu na choo. Sebule haina mlango. Inaungana moja kwa moja na korido.

Usiku wa kwanza tulimweka Tomi kibarazani juu ya blanketi lake. Alilia. Sauti ile haikufanana na kubweka hata kidogo. Ilikuwa ndefu na nyembamba, ikakatika, ikaanza tena, na binti yetu wa miaka mitano naye akaanza kulia kitandani. Saa nane za usiku nilifungua mlango mkubwa, Tomi akaingia, akajikunja chini ya meza ya sebuleni, nyumba ikatulia. Asubuhi nilitangaza, kwa moyo wa huruma na bila kumshauri mtu yeyote, kwamba mbwa huyu atakaa ndani kama alivyozoea. Mama alinisikiliza, akamaliza chai yake, kisha akasema, "Mwanangu, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini." Nilimjibu kwamba ameogeshwa na ana chanjo zote. Naona sasa kwamba jibu langu halikuhusiana kabisa na alichokuwa akiniambia.

Wiki mbili zile Tomi alikuwa na nyumba yote. Alitafuna waya wa chaji ya simu, kwa bahati njema haukuwa umechomekwa ukutani. Alikojoa kwenye mguu wa kochi, tukasafisha kwa dawa ya chooni, akarudi kukojoa palepale. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba dawa nyingi za kusafishia zenye amonia humnukia mbwa kama mkojo, kwa hiyo tulikuwa tukimwekea alama ya kurudia, na kwamba maji yenye siki yangetufaa zaidi. Niliporudi kazini na kukuta uharibifu, nilimgombeza, naye akainamisha kichwa, akalaza masikio na kuniangalia kwa pembe ya jicho, nami nikaamini kwamba anajua kosa lake. Baadaye nilisoma kuhusu jaribio alilolifanya mtafiti Alexandra Horowitz huko New York na kulichapisha mwaka 2009, lililoonyesha kwamba sura ile tunayoiita ya hatia hutokea mbwa anapogombezwa, awe ametenda kosa au hakutenda. Tomi alikuwa akiogopa sauti yangu tu, wala hakuwa na njia ya kuiunganisha na waya alioutafuna saa tano kabla.

Lakini waya na kochi ni vitu. Kilichonikata maini ni mswala wa mama. Alasiri moja nilirudi mapema, nikamkuta mama uani ameinama kwenye beseni, ndoo mbili za maji pembeni na udongo kidogo ndani ya kopo. Tomi alikuwa ameingia chumbani kwake wakati mlango ukiwa wazi, akalala juu ya mswala na kuulamba hadi ukalowa. Mama, ambaye kwa macho yake yale alikuwa hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano, alikuwa ameubeba mswala hadi uani, akachota maji mwenyewe, na nilipomkuta alikuwa kwenye josho la nne. Hakumwita mtu amsaidie. Hakulalamika. Nilitaka kumpokea, akanizuia kwa mkono, akaendelea kuhesabu kwa sauti ya chini: tano, sita, saba.

Jioni ile nilinunua mnyororo.

Hilo lilikuwa jibu langu la pili, na lilitokana na aibu zaidi ya fikra. Tomi alifungwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mchana na usiku. Nilijiambia kwamba ndivyo mbwa wote wa mtaa wanavyoishi. Ndani ya mwezi mmoja shingo yake ilikuwa imechubuka, alibweka kwa kila ndege aliyetua ukutani, na mbwa aliyekuwa akilala na kichwa chake juu ya mguu wa mwanangu akaanza kumkoromea mtoto yuleyule alipompelekea chakula. Daktari wa mifugo, alipokuja kumpa chanjo, aliutazama mnyororo kabla ya kumtazama mbwa. Aliniambia kwamba mbwa ni mnyama wa kundi, na kwamba anapofungwa daima asiweze kumkaribia mtu wala kumkwepa, huwa habaki na njia nyingine ya kujieleza isipokuwa meno. Akaniambia pia nisimwadhibu kwa kukoroma, kwa sababu mbwa aliyefundishwa kuacha kukoroma hujifunza kuuma bila kutoa onyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nami, mtu niliyejiona mwenye huruma, nilikuwa nimemtesa mnyama kwa mwezi mzima bila kulitambua hilo kuwa ni mateso.

Nikamfungua, ila bado sikuwa nimejifunza kufikiri. Wakati huo mtaani kwetu kulikuwa na wezi waliokuwa wakirusha nyama yenye sumu juu ya kuta usiku ili kuwamaliza mbwa kabla ya kuingia, na mbwa wawili wa nyumba za karibu walikuwa wamekufa kwa njia hiyo. Nikaona ni busara Tomi aingie ndani usiku tu, awe mlinzi wa ndani, vyumba vya kulala vifungwe na kwingine kote kubaki kwake. Sikukumbuka stoo. Nyuma ya magunia ya mahindi mke wangu alikuwa ametega sumu ya panya iliyochanganywa na dagaa, na mlango wa stoo huwa haukazi vizuri. Asubuhi tulikuta karatasi imelambwa ikang'aa.

Nilimtazama Tomi: alikuwa mzima, anatingisha mkia, anataka kutoka nje. Ningekuwa peke yangu ningemwacha, kwa kuamini kwamba sumu ingekuwa imemdhuru tungekwisha kuona. Mke wangu ndiye aliyeokota pakiti na kusema twende nayo kwa daktari saa ileile. Tulielezwa kwamba ile ni sumu inayozuia damu kuganda kwa kuunyima mwili uwezo wa kuitumia vitamini K, na kwamba mbwa aliyeila huweza kuonekana mzima kwa siku tatu hadi tano, kisha akaanza kuvuja damu puani, kwenye fizi au ndani kwa ndani, na hapo kumwokoa huwa vigumu. Tomi alitapishwa, dagaa wakatoka, kisha akaanzishiwa vidonge vya vitamini K pamoja na chakula kwa wiki nne. Hakuvuja damu. Ninawaomba wote wenye mbwa walikumbuke jambo hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa: msisubiri dalili, na pakiti ya sumu muichukue mwende nayo, kwa sababu dawa hutegemea aina ya sumu.

Kwa wiki hizo nne Tomi hakuruhusiwa kuruka wala kukimbia, hivyo tulimzuia sebuleni kwa kibao kilichowekwa kwenye mdomo wa korido. Hapo ndipo, kwa lazima na si kwa hekima, tulipoanza kufanya nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza: kukiangalia kila chumba kivyake na kujiuliza nani anakitumia, kuna nini ndani yake, na mbwa ana haja gani nacho.

Stoo na jiko havikuhitaji mjadala. Jikoni kuna vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kuna mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kuwa vipande vyenye ncha. Kuna sufuria za moto na watoto wanaopita. Tuliweka kitasa kipya stoo, na sumu tukaiacha kabisa, tukatumia mitego. Bafu na choo vinafungwa. Vyumba vya kulala vilichukua muda zaidi, kwa sababu mwanangu alitaka Tomi alale kitandani kwake. Hapo nilitegemea maelezo ya daktari kuhusu kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye, tofauti na kupe wengine tuliowazoea kwenye ng'ombe, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba: jike hushiba damu, hudondoka, hujificha kwenye nyufa za ukuta au chini ya godoro na kutaga mayai kwa maelfu. Mbwa wa nje mwenye kupe wawili ni tatizo la mbwa. Mbwa wa ndani mwenye kupe wawili, baada ya miezi michache, ni tatizo la nyumba. Tulianza kumpa dawa ya kupe kila mwezi bila kuruka, na dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Kinyesi chake tunakiondoa kila siku uani, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji majuma kadhaa udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na anayekiondoa leo huwa ameuondoa udhia kabla haujaiva. Hata hivyo vyumba vya kulala vilibaki vimefungwa, na mwanangu alinuna kwa wiki nzima.

Kuhusu kichaa cha mbwa sikutaka majadiliano. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote wakiwa wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba ya kuaminika. Watu wengi hudhani hatari ni kuumwa tu, kumbe hata ulimi wa mbwa mgonjwa juu ya mchubuko unatosha. Mbwa anayeishi sebuleni hulamba magoti ya watoto, na magoti ya watoto hayakosi michubuko. Kwa sababu hiyo chanjo ya Tomi hurudiwa kila mwaka, na tarehe tumeiandika ukutani karibu na kalenda ya shule. Watoto nao wanajua kwamba wakiumwa na mbwa yeyote, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha tunakwenda hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Ilibaki sebule, na sebule ilikuwa ya mama kama ilivyokuwa yetu. Sikutaka tena kuamua bila yeye. Tulikwenda pamoja kwa shehe anayemwamini, mzee mtaratibu, na mama mwenyewe ndiye aliyeuliza. Shehe alieleza kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo sisi watu wa pwani tunayafuata, najisi ya mbwa huhamia panapokuwa na unyevu, na hapo huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Lakini mbwa mkavu akigusa nguo kavu, nguo haijanajisika. Alieleza kwamba wafuasi wa madhehebu ya Maliki wana mtazamo mwingine kuhusu udenda wa mbwa, ila hakumshauri mama aache alicholelewa nacho. Alitaja ruhusa iliyopo katika hadithi ya kufuga mbwa kwa ajili ya mifugo, mawindo na shamba, na kwamba wanazuoni wengi wamepima ulinzi wa nyumba kwa kipimo hichohicho. Kisha akamkumbusha mama habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa.

Tukiwa njiani kurudi, mama alikaa kimya hadi tulipokaribia nyumbani. Halafu akasema kwamba katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa, naye ametajwa kuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. "Hakufukuzwa," alisema, "na wala hakuingia wakalala naye. Kizingitini ndipo pake."

Sijui kama mtaalamu yeyote wa tabia za mbwa angetupatia mpango bora kuliko huo. Tulimfundisha Tomi kulala juu ya busati lake kwenye mlango mkubwa, upande wa ndani, ambapo anaona geti kupitia wavu na anatuona sisi pia. Mafunzo hayakuwa na siri: kila alipokaa busatini bila kuitwa, alipata kipande kidogo cha chakula na sauti ya upole; kila alipovuka kuelekea korido, tulimrudisha bila kelele. Dakika tano za jioni zikawa kumi, zikawa saa nzima, na kila tulipoona ametulia kwa juma zima bila kosa, tulimwongezea kidogo. Baada ya miezi minne tulikiondoa kibao cha korido. Watoto nao walikuwa na somo lao, pengine gumu kuliko la Tomi: busati ni la mbwa, na aliyelala busatini hakumbatiwi, haamshwi, hachukuliwi kitu. Binti yetu alikuwa amewahi kumrukia akiwa usingizini, naye akashtuka na kumwonyesha meno. Tangu tulipoweka kanuni hiyo jambo hilo halijatokea tena. Mama aliweka sharti moja, kwamba baada ya Tomi kunywa maji afutwe mdomo kabla ya kuingia, na mwanangu ndiye aliyeichukua kazi hiyo.

Kipindi hicho nilikutana na zile kanuni za uhuru wa aina tano zilizoandikwa Uingereza mwaka 1979 kwa ajili ya mifugo, ambazo siku hizi hutajwa kwa wanyama wote wanaofugwa: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae katika mazingira ya kumtaabisha, asiumie wala kuugua bila tiba, asiishi kwa hofu, na aweze kutenda yale yaliyo ya asili yake. Niliposoma orodha ile nilirudi kuisoma tena, nikitafuta mahali panaposema mbwa apewe vyumba vyote. Hapapo. Nilipomfungulia milango saba nilikuwa nimempa mambo ambayo hakuwa akiyahitaji, na nilipomfunga mnyororo nilimnyima karibu yote matano kwa pamoja. Kile alichokililia usiku ule wa kwanza kibarazani hakikuwa nyumba. Alitaka kuwa mahali ambapo watu wapo.

Wapo watakaoona kwamba tumembana mno, na rafiki yangu mmoja ambaye mbwa wake hulala kitandani ameniambia hivyo waziwazi. Sina ugomvi naye. Anaishi na mkewe tu, hawana mtoto mdogo, hawana mzee anayeswali, na mbwa wao amekulia ndani tangu ana miezi miwili. Wapo pia, hasa ndugu zangu wa Tanga, wanaoona kwamba hata kizingitini ni karibu mno. Wakija kututembelea, Tomi hukaa kibarazani mpaka waondoke, na hilo nalo tumelizoea bila manung'uniko, kwa kuwa mgeni hakuombwa maoni wakati mbwa anachukuliwa.

Mama alimaliza matibabu yake na kurudi Tanga baada ya Idi, akisema atakuja tena Ramadhani ijayo akijaliwa uzima. Chumba chake tunakiacha wazi mchana kutwa ili kipate hewa, na mswala wake umekunjwa juu ya kiti palepale alipouacha. Mwanangu aliniuliza kama sasa Tomi anaweza kuingia, maadamu bibi hayupo. Nilimwambia twende tukaangalie. Tomi alitufuata hadi mlangoni, akasimama, akanusa, kisha akalala nje ya chumba akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.